Jiwe jeusi la Gilgil na jiwe la makombe la Florida: lipi imara?

MamaWawili:
Hamjambo wapendwa. Mimi ni wa Gilgil, Kenya, siku hizi naishi Florida, Marekani. Mwanangu ametakiwa apeleke shuleni mawe mawili aeleze tofauti yake. La kwanza ninalo, jeusi, linang'aa kama chupa ya bia, nililiokota shambani kwa babu miaka ile. La pili katupatia jirani, lilibaki alipojenga ukuta: rangi ya mchanga, limejaa makombe madogo ya baharini yaliyoshikana, ukilisugua linamwaga chenga. Mtoto kaandika jeusi ndilo imara. Nikamuunga mkono, nikachukua nyundo nimwonyeshe. Pa! Likaruka vipande, kimoja kikanichana kidole. Sasa nimwambie nini?

Mpimamiamba:
Pole, dada. Na miwani ya kukinga macho ulivaa? Hiyo ni obsidiani. Lava, yaani uji wa moto wa volkano, yenye silika nyingi (madini yaliyomo kwenye mchanga) ilipoa haraka mno, chembe zake hazikuwahi kujipanga kuwa fuwele, kikabaki kioo. Mtoto hajakosea sana: ni gumu, haliachi kukwaruza lile la makombe. Ila gumu si sawa na imara. Ufa ukianza kwenye kioo hakuna cha kuuzuia, unapita moja kwa moja. Tazama pale lilipovunjika, utaona mawimbi ya mviringo kama mgongo wa kombe. (Kichekesho: kombe lenyewe liko kwenye jiwe lile jingine!) Kingo zake hushinda wembe, ndiyo maana pale Kariandusi, jirani zenu, watu wa kale walilichonga mashoka ya mkono.

La jirani ni kokwina. Makombe yalirundikwa na mawimbi, maji yakayeyusha chokaa kidogo, ikaganda tena katikati yao kama saruji. Limejaa matundu. Likipigwa, linabonyea.

FundiWaLamu:
Hilo la pili ni kama ndugu wa mawe yetu, ingawa yetu ni matumbawe. Tumbawe likitoka majini ni laini, unalichonga nakshi upendavyo. Liache lipigwe na upepo, baadaye patasi inalia.

Mpimamiamba:
Kokwina nayo hivyo hivyo, fundi. Ikitoka machimboni ina maji, huachwa ikauke kwanza. MamaWawili, mpeleke mtoto St. Augustine akaone ngome ya Castillo de San Marcos. Wahispania walianza kuijenga 1672 kwa mawe hayo kutoka kisiwa cha Anastasia. Mwaka 1702 Waingereza waliizingira karibu miezi miwili, risasi za mizinga zikawa zinazama ukutani badala ya kuubomoa. Ukuta wa obsidiani ungekuwa kifusi.

Kabla ya safari, tieni tone la siki kwenye kila jiwe: lenye chokaa litatoa vipovu.

MamaWawili:
Tumefanya leo mezani. Kwenye jeusi siki imekaa tu kama tone la maji kwenye sahani. Kwenye la makombe imetoa vipovu, mtoto kaweka sikio karibu, anasema linanong'ona. Kisha kakombe kamoja, kadogo kuliko ukucha wake, kakang'oka kazima. Kaandika upya ukurasa wote. Kakombe kamo kwenye kiberiti, jeusi nimelifunga kwenye kitambaa na kuliweka juu ya kabati.

FundiWaLamu:
Na kidole?

MamaWawili:
Plasta mbili. Ugali leo kasonga baba yao.