Kilo tatu na nusu za mwisho zimegoma kabisa, nifanyeje?

Dada wa Kimara

Habari zenu wapendwa, poleni na foleni na hili joto. Naombeni ushauri na mnisome mpaka mwisho maana nshachoka.

Nina miaka 34, watoto wawili, urefu sentimita 163. Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 78 nikasema sasa basi. Nikaacha soda, nikaacha sukari kwenye chai (wiki ya kwanza kichwa kilikuwa kinagonga kama nina malaria), chips mayai nikazipa talaka tatu, ugali ukawa mchana tu tena kipande, jioni nashuka mwendokasi natembea mpaka nyumbani badala ya kupanda boda. Aisee kilo zilikuwa zinadondoka kama maembe, mwezi wa kwanza peke yake nne na ushee. Kufika mwezi wa saba niko 68 na nusu, majirani wameanza kuuliza kama naumwa.

Sasa tangu hapo, wiki ya saba hii, mzani umeganda. Leo 68.5, kesho 68.9, keshokutwa 68.2 nafurahi, jumapili nikaenda ubarikio Tabata nikala pilau sahani moja, MOJA, jumatatu asubuhi 69.8!! Nililia bafuni jamani sio utani. Chakula ni kilekile, kutembea kulekule, tena nimeongeza jogging ya jumapili na kundi la mtaani. Nataka nifike 65 kabla ya sendoff ya mdogo wangu mwezi wa kumi na moja, sare fundi ameshachukua vipimo na kwa kiherehere changu nikamwambia abane. Kuna mtu ofisini ananiuzia chai ya kupunguza tumbo elfu thelathini na tano, nishikeni mkono kabla sijatoa hela. Nipunguze chakula zaidi? Nishinde na mlo mmoja? Au mwili ndo umekataa?

Mkwe wa Tandika

Dada kilo 68 unalia nini, huku kwetu hiyo ndo saizi yenyewe. Shemeji asije akaanza kutafuta bucha lingine.

Mama Pacha

Mkwe wa Tandika ungepita tu kimyakimya kwani lazima uandike.

Dada wa Kimara pole mwaya, hapo ulipo mi nimepita. Nilihangaika na kilo tano za mwisho karibu mwaka mzima. Nilikunywa maji ya moto na ndimu na tangawizi kila asubuhi miezi miwili, nilichopunguza ni hela ya ndimu. Nikapima nyumbani, nikapima kwa wale vijana wanaoweka mzani barabarani pale Mwenge, wa nyumbani unasema 71 wa barabarani 73, nikarudi nyumbani nikausogeza wangu kutoka kwenye kapeti nikauweka kwenye vigae, kumbe na wenyewe ukasema 72 na kitu. Yani miezi yote hiyo nilikuwa nagombana na kapeti. Chagua mzani mmoja, sehemu moja ngumu, asubuhi ukishatoka chooni kabla hujanywa hata maji, na mizani mingine yote usiisikilize.

Alafu swali, hilo kundi lenu la jogging mkimaliza mnaenda wapi? Maana sisi tulikuwa tunakimbia mpaka Daraja la Tanzanite tunarudi, tunapiga picha, alafu moja kwa moja supu ya mbuzi na chapati mbili. Kila jumapili. Na nilikuwa nakula kwa amani kabisa kwamba nimeshachoma.

Dada wa Kimara

😂😂 Mama Pacha umeniona wapi? Supu tu lakini, chapati nakula moja. Moja na nusu.

Mzee wa Mstari

Mi ni baba wa watoto wawili, kazi yangu ya kukaa, nimetoka kilo 94 mpaka 81 na hapo 81 nikakwama kama wewe, miezi miwili na zaidi. Nikaambiwa uzee, nikaambiwa tezi ya shingoni, nikaambiwa nimerogwa (huyu alikuwa shangazi). Ngoja nikupe nilichofanya maana hakina gharama.

Jumapili jioni nilinunua mafuta ya kupikia lita moja, nikachukua maka peni nikachora mstari pale mafuta yalipoishia na tarehe pembeni. Sikumwambia mtu apunguze kitu, nikasema pikeni kama kawaida. Kila usiku nachora mstari mpya. Mke wangu aliniangalia wee akauliza siku hizi unanihesabia mafuta kama mama mwenye nyumba, tukanuniana kidogo. Jumamosi asubuhi chupa tupu. Siku sita. Tuko wanne ndani.

Sasa lita ya mafuta ni kama gramu 920, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa iyo ile chupa ilikuwa na kalori elfu nane na mia mbili na kitu. Gawa kwa siku sita gawa kwa watu wanne unapata karibu 345 kila mtu kila siku, na watoto wenyewe hawali kama sisi kwa iyo mimi nilikuwa zaidi ya hapo. Na haya ni mafuta tu jamani, bado ugali, bado wali, bado nyama yenyewe. Na mi nilikuwa najisifu kabisa kwamba nimeacha vya kukaanga, sili chips, sili sambusa. Mafuta yalikuwa kwenye maharage, kwenye mchicha, kwenye rosti, kwenye wali wenyewe, pale mtu anapomimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja anasubiri mpaka chini ya sufuria pang'ae.

Tulichobadilisha ni kimoja, kumimina tukaacha, sa hivi ni kijiko kinachoingia kwenye sufuria. Chupa ileile siku hizi inaenda siku kumi na tatu mpaka kumi na nne. Mzani ukaanza kutembea tena wiki ya tatu, sio kwa kasi, nusu kilo kwa wiki mbili, lakini unatembea. Na mke wangu ndo ananikumbusha kuchora mstari.

Kwa iyo kabla hujapunguza chakula dada yangu, hebu tuambie mboga zako zinapikwaje.

Dada wa Kimara

Mzee wa Mstari kwenye mboga ndo niko vizuri kuliko popote, mi mboga za majani ndo nashindia. Usiku sili wanga kabisa, nakula bakuli la kisamvu au tembele na samaki. Kisamvu nakiweka karanga na tui la nazi moja tu, mafuta hata sigusi.

Mama Pacha

Bakuli. La kisamvu. Cha karanga. Na nazi.

Jamani nani amwambie.

Nesi wa Zamu

Ngoja nimwambie mimi, nimetoka zamu ya usiku kwa iyo mnisamehe nikiandika ovyo.

Mtoa mada kwanza hongera, kilo tisa na nusu sio mchezo. Mwili haujakataa, umekuwa mdogo. Kuna kanuni ya kukadiria nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umelala tu hufanyi kitu, inaitwa Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990. Nimekupigia hesabu hapa kwenye daladala: ulipokuwa 78 ulikuwa unachoma kama kalori 1,470 kwa siku kwa kulala tu, sa hivi ni kama 1,370. Mia imeondoka hapo na hujafanya kosa lolote. Na hata kule kutembea kutoka stendi kunachoma kidogo kuliko zamani maana mzigo uliokuwa unaubeba umepungua karibu nusu ndoo ya maji. Alafu mtu akijinyima muda mrefu bila kujijua anapunguza na kujitikisa, unakaa kwenye kochi unamtuma mtoto rimoti, dukani unapanda bajaji. Kwa iyo chakula kilekile kilichokupunguza mwezi wa tatu ndo hichohicho kinachokushikilia leo hapo 68. Nafasi iliyobaki kati ya unachokula na unachochoma ni ndogo sana, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, kinaimeza yote na chenji inabaki. Sasa karanga karibu nusu yake ni mafuta, na tui zito na lenyewe lina mafuta mengi. Sijasema uache kisamvu. Kisamvu ni chakula kizuri, ila hicho cha kwako kihesabie kama wali, usikihesabie kama mboga.

Ile 69.8 ya jumatatu naomba uisahau. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, ungehitaji kula sufuria la watu kadhaa peke yako. Yale ni maji. Pilau ina chumvi, na wanga ukihifadhiwa kwenye misuli na ini kila gramu inashika maji kama gramu tatu, usiku mmoja mzani unapanda na siku tatu nne unashuka wenyewe. Ukikaribia siku zako ni hivohivo, kuna wanawake wanapanda kilo mpaka mbili. Sasa mtu anayepungua gramu 200 kwa wiki, na maji yanacheza kilo nzima juu chini, hizo 200 atazionea wapi? Pima kila siku ukitaka lakini usiiamini namba ya siku moja, jumlisha za wiki nzima ugawe kwa saba, hiyo ndo ulinganishe na ya wiki iliyopita. Ila na mimi sitakudanganya, wiki saba ni nyingi, hapo sio maji peke yake. Kuna kisamvu, kuna chapati moja na nusu. Kukimbia kilomita tano kwa uzito wako ni kama kalori 340, na chapati moja ya kusukuma yenye mafuta ya kutosha inakaribia 300. Malizia mwenyewe.

Mlo mmoja hapana. Utashinda na njaa mpaka saa mbili usiku alafu utakula cha kwako na cha watoto walichobakiza. Ongeza vitu vya kushikilia misuli, mayai, dagaa, maharage, choroko, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, na unyanyue kitu kizito mara tatu kwa wiki, huna haja ya jimu, dumu la lita tano lina kilo tano kama chuma chochote.

Chai USINUNUE. Nyingi ya hizo chai zina senna, ni dawa ya kuharisha, inafanya kazi kwenye utumbo mkubwa wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na ukizoea utumbo unagoma bila hiyo chai. Na ikiwa vidonge ndo kabisa, kuna dawa inaitwa sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, na bado inakutwa imechanganywa kwenye bidhaa za kupunguza uzito zinazoitwa za asili. Chukua tepu ya fundi upime kiuno, tosha.

Kama uko kwenye sindano ya uzazi ya miezi mitatu, kuna wanawake inawaongezea uzito, kaongee kliniki usiache mwenyewe. Na kama una uchovu usioeleweka, baridi wakati wenzio wanalalamika joto, nywele zinakatika, kapime tezi, hapo shangazi wa Mzee wa Mstari hana kazi.

La mwisho, hiyo 65 umeitoa wapi?

Dada wa Kimara

Nesi asante, nimesoma mara mbili. Kwa kweli 65 ndo niliyokuwa nayo siku ya harusi yangu 2014. Sina sababu nyingine.

Sindano situmii. Chai nimemwambia mwenzangu nimepata dharura.

Nesi wa Zamu

2014 hukuwa na watoto wawili. Kwa urefu wako ukifika 66 tu BMI yako, yani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 24.8, uko chini ya 25 ambako ndo uzito uliozidi unaanzia. Kwa iyo unachodaiwa ni kilo mbili na nusu, sio tatu na nusu. Na ukitaka, pumzika wiki mbili hivi kabla ya kuendelea, kula kiasi cha kubaki palepale bila kupunguza wala kuongeza. Miezi saba ya kujibana ni mingi.

Mkwe wa Tandika

Narudi nikiwa mpole. Nimemsomea mke wangu ile ya mstari, amechora. Sa hivi nimeambiwa chapati za jumapili moja moja.

Dada wa Kimara

Mrejesho wa wiki tatu. Chupa nimeichora, baba watoto akauliza nani anachafua vyombo. Kisamvu cha karanga na nazi ni jumapili tu na nakila kama chakula, siku nyingine mchicha na nyanya na kijiko kimoja. Wastani wa wiki ile ya kwanza ulikuwa 68.6, wa wiki hii ni 68.0. Gramu mia sita, ningepima kwa mtindo wangu wa zamani nisingeziona maana juzi ilinipa 68.9 asubuhi. Kiuno sentimita mbili zimeondoka. Nimepita kwa fundi nikamwambia aache mshono mpana kwa ndani, kama sijafika aachie, kama nimefika abane, akasema wateja wote wa sendoff ndo tunavyosema.

Ila Mzee wa Mstari nina swali, nikikaanga samaki wa watoto nammiminia mafuta mengi na yanabaki, hapo kwenye mstari unahesabuje?

Mzee wa Mstari

Yakipoa yachuje uyarudishe kwenye chupa yake ya pembeni, hiyo nayo ichore mstari. Kilichopungua kati ya kabla na baada ndo mlichokula. Nilipimaga siku moja samaki changu wanne wa kukaanga, sitakwambia jibu, pima mwenyewe.