Naombeni ushauri: kuendesha pikipiki ya porini kwenye tope na mvua, tairi la mbele linanikimbia

Mtoa mada
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wazoefu wa njia za porini. Nina 250 ya singo silinda, ile ndefu ya porini, tairi la mbele inchi 21 nyuma 18. Kwenye ukavu nipo vizuri, vumbi, kokoto, mawe, hata milima sina shida nayo. Tatizo langu ni mvua. Njia tunazopita na wenzangu ni udongo wa mfinyanzi, ikishanyesha tu inakua kama sabuni, tairi la mbele linaondoka bila taarifa, nikigusa breki linaondoka, nikikata kona linaondoka, na la nyuma likikutana na mlima linazunguka palepale linachimba shimo pikipiki haiendi popote. Wenzangu wanapita hapohapo wakiwa wamesimama juu ya pikipiki kama hamna kitu.

Tairi ni zile za nusu lami nusu vumbi, za tyubu, bado nzima kabisa. Nataka kujua upepo niweke kiasi gani, nikae au nisimame, na pale kwenye vijito maji yakijaa nafanyaje. Napenda sana huu mchezo na sitaki kuuacha kila msimu wa mvua ukifika, kwahiyo mnielekeze kwa kina tafadhali.

mzee_wa_tope
Mkuu anza na tairi, mengine yatafuata. Hizo za nusu kwa nusu zina meno yamebanana, mfinyanzi ukishaingia katikati hautoki, baada ya mita chache unakua unaendesha tairi la kipara lililopakwa tope. Tairi la matopeni linatakiwa meno marefu na yawe mbalimbali, ili likizunguka tope lirushwe nje lenyewe na jino lije chini likiwa safi. Hilo ndo linawafanya wenzako wapite, kabla hata hatujaongelea ujuzi.

Afu angalia madigadi ya mbele. Kama ni ile ya chini iliyokaribiana na tairi, mfinyanzi utajaa pale katikati mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na likigoma ukiwa kwenye mwendo unajua kinachofuata. Ya juu ile ya mdomo mrefu ndo ya kazi hii.

gia_ya_pili
Upepo shusha mpaka psi 12 mbele na nyuma. Tairi linalala, linashika eneo kubwa, utaona tofauti siku hiyohiyo.

fundi_porini
@gia_ya_pili hapo dogo subiri, umesoma alivyosema? Ana tyubu na hajasema kama ana rimuloki. Psi 12 ni sawa kwa mtu mwenye rimuloki, kile kishikizo kinachobana tairi lisizunguke juu ya ringi. Bila hicho ukivuta mafuta kwenye mlima ringi inazunguka tairi linabaki, tyubu inavutwa, valvu inakatika shingoni, na valvu ikikatika shingoni hakuna kiraka hapo, ni kubadilisha tyubu katikati ya mvua.

Mtoa mada wewe kwa sasa usishuke chini ya 18 hivi. Ukiwa na rimuloki, angalau ya nyuma, ndo uje kwenye 13 au 14, na hata hapo kama njia ina mawe mengi ongeza kidogo maana tairi laini likigonga jiwe linabana tyubu kwenye ringi unapata pancha ya matundu mawili. Alafu ile nati ya valvu usiikaze kwenye ringi, ipandishe juu ikutane na kifuniko. Valvu ikianza kulala upande utaiona mapema, ndo dalili kwamba tairi linahama, simama urekebishe kabla haijakatika. Na beba pampu na kipimo cha upepo, ukirudi lami jaza upya kama kitabu cha pikipiki kinavyosema.

gia_ya_pili
Sawa kaka, hilo la valvu ni kweli kabisa. Bila rimuloki asishuke huko.

dada_enduro
Mimi niongelee uendeshaji maana tairi hata liwe jipya kama mwili umekakamaa utaanguka tu.

Ukishaingia kwenye utelezi simama kwenye vikanyagio. Sababu ni kwamba ukikaa uzito wako wote upo kwenye siti, pikipiki ikiyumba inakuyumbisha na wewe. Ukisimama uzito unashukia kwenye vikanyagio, pale chini, na pikipiki inapata nafasi ya kucheza chini yako wewe ukiwa umetulia. Magoti yabane tenki, viwiko viwe nje, mikono ilegee. Hapa ndo wengi wanashindwa, wanaona tairi la mbele linatangatanga wanakaba usukani kwa nguvu zote, sasa ukikaba kila kateleziko kadogo unakakuza. Tairi la mbele kwenye tope lazima litangetange kidogo, liache, litarudi lenyewe alimradi pikipiki inasukumwa mbele. Na kitu cha kulisukuma ni mafuta, kidogo lakini yasiyokatika. Ukishtuka ukafunga mafuta ghafla uzito wote unahamia mbele, tairi linazama, usukani unajikunja, chini. Kwahiyo ukihisi mbele panazama, mwili rudi nyuma kidogo na mafuta yaendelee. Najua inatisha, akili inakwambia funga, wewe usifunge.

Gia tumia ya pili au ya tatu. Ya kwanza nguvu ni nyingi mno, tairi linakatika kushika kila ukigusa mafuta.

Macho yawe mbele, pale unapotaka kwenda. Hasa kwenye zile mifereji zilizochimbwa na matairi ya watu, chagua mmoja kabla hujafika ukishaingia baki humo humo usijaribu kuhamia mwingine katikati, pikipiki iwe wima, angalia mfereji unapoishia. Ukiangalia tairi lako la mbele utagonga kuta za mfereji kushoto kulia mpaka uanguke.

Breki sasa. Ya mbele usiiache kabisa, ndo breki yenye nguvu, ila iguse kwa kidole kimoja ukiwa umenyooka tu. Kwenye kona hapana, maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Mteremko weka gia ya kwanza au ya pili injini ikushikilie, usishike klachi, ya nyuma igusie taratibu. Kama pikipiki yako ina ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukibana breki, na inaruhusu kuzimwa, zima ya nyuma ukiwa matopeni, ile kwenye udongo laini inakuachia breki wakati unazihitaji.

Mtoa mada
Dada asante sana, hapo kwenye kukaba usukani ndo penyewe. Swali, kuna sehemu mfereji ni mrefu na wa kina mpaka kikanyagio kinagusa, hapo nasimamaje? Naona wengine wanakaa wanakanyaga chini na miguu yote miwili.

dada_enduro
Hapo kaa, ni sahihi kabisa. Kusimama ni kwa mwendo, ukishafika kasi ya mtu anayetembea na kina kirefu, kaa mbele kidogo kwenye siti na miguu yote isogeze pikipiki. Ila miguu iwe karibu na pikipiki, usiutupe mguu mbali pembeni, ukinasa kwenye tope pikipiki inaendelea goti linabaki nyuma. Na uwe na buti ngumu za kufika chini ya goti. Gamboti siyo buti ya pikipiki, haizuii kifundo kisipinde, na tope likishainyonya inakutoka mguuni.

mzee_wa_tope
Kwenye mlima, niongezee. Mwendo unautafuta chini, siyo katikati. Ukianza na mwendo wa kutosha gia ya pili unapanda ukiwa umeinama mbele kidogo, tairi likianza kuzunguka punguza mafuta kidogo sana lishike tena, kuongeza kunachimba tu. Ukishasimama katikati ya mlima wenye utelezi usilazimishe, geuza pikipiki, shuka, anza upya. Ninaowaona wanang'ang'ania pale juu dakika nzima klachi nusu nusu wanaishia kuunguza klachi. Ukisikia harufu ya kuungua, au injini inapiga resi pikipiki haiongezi mwendo, simama iache ipoe. Na oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi zetu zinaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini.

Ukinasa kabisa tairi limezama mpaka ekseli, acha mafuta. Zima, ilaze pikipiki ubavu, ule mnyonyo wa tope unakatika na shimo linabaki wazi. Jaza shimo matawi au mawe, inyanyue, washa gia ya kwanza, shuka utembee pembeni yake ukiachia klachi taratibu. Mtu mmoja anaweza kuitoa hivyo bila kuitana wanaume kumi.

fundi_porini
Vijito sasa maana hakuna aliyejibu. Kwanza shuka utembee kwa miguu uvuke mwenyewe, na fimbo. Kama maji yanakusukuma wewe yataisukuma na pikipiki, rudi. Yakiwa ya kahawia yanapanda na yanabeba matawi hapo hakuna kujadili, subiri au geuza. Maji yaliyotulia yasiyozidi katikati ya gurudumu unapita, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa taratibu, usifunge mafuta mpaka utoke. Jua pia eya klina ya pikipiki yako inavutia hewa wapi, wengi hawajui kabisa, hicho ndo kimo chako cha mwisho.

Ikianguka ndani ya maji zima HARAKA, na usijaribu kuiwasha tena. Hata kama ina stata nzuri usiguse. Maji hayabanwi kama hewa, yakiwa ndani ya silinda pistoni inapanda inakutana nayo, koni rodi inapinda, umemaliza injini. Itoe nje, fungua plagi, fungua eya klina umwage maji na ukamue sponji, kisha piga kiki au stata plagi ikiwa nje mpaka maji yote yaruke kwenye tundu. Angalia oili, ikiwa imegeuka nyeupe nyeupe maji yameingia, usiendeshe hata kidogo mpaka uimwage. Ukishavuka salama nako kuna jambo, breki zimelowa, hasa za dramu, zishike kidogo kidogo ukitembea mpaka zikauke, usije ukazikumbuka kwenye mteremko.

Kwahiyo beba spana ya plagi na spana za pikipiki yako. Yale mashindano ya enduro, mbio ndefu za pikipiki za porini, ya siku sita yaliyoanza Uingereza mwaka 1913, mpaka leo mwendeshaji anatakiwa aitengeneze pikipiki kwa mikono yake, na sisi huko porini ndo hivyohivyo, fundi ni wewe.

mvua_na_mimi
Mmeongea sana pikipiki, niongelee hali ya hewa yenyewe maana ndo inayoua. Radi. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya 30 radi ipo karibu sana, acha kuendesha, ondoka kwenye kilele au uwanda wazi, usikae chini ya mti uliosimama peke yake, na subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuna watu wanaamini matairi ya mpira yanawakinga, hayakingi kitu.

Na baridi, watu wanaidharau. Umelowa, upepo unakupiga, vidole vinakufa ganzi mpaka hujui umebana breki kiasi gani. Beba glovu za akiba kwenye mfuko usiopitisha maji. Ukianza kutetemeka na kukosea vitu rahisi umeshachelewa, tafuta sehemu isiyopigwa na upepo, vua kilicholowa uvae kikavu. Tope likiwa kwenye goggles usifute na glovu yenye mchanga, utachana kioo, beba kitambaa kikavu kifuani.

Peke yako usiende. Hili sibembelezi mtu, pikipiki ikikulalia mguu kwenye mfereji bila mtu wa kuinyanyua utalala hapo. Kama lazima uende, mtu ajue njia unayopita na saa unayotakiwa uwe umerudi.

dada_enduro
Nakubaliana na huyu kwa kila neno. Nyongeza, dimbwi likiwa katikati ya njia pita katikati kama unaweza, msilizunguke pembeni kila mtu na njia yake, mnapanua njia mpaka inakua uwanja wa tope na maji yanaanza kubeba udongo. Na njia ikiwa imelowa mpaka tairi zinaacha mtaro, iacheni siku mbili tatu ikauke.

Mtoa mada
Wakuu nimeelewa mengi. Tairi nabadilisha, nafunga na rimuloki ya nyuma, na nitaanza na sehemu tambarare nifanye mazoezi ya kusimama na mikono kulegea kabla ya milima. La mwisho, nikirudi nyumbani na tope lote lile naosha tu au kuna kingine?

fundi_porini
Osha siku hiyohiyo, mfinyanzi ukikauka ni kazi nyingine. Iache injini ipoe kwanza. Ukitumia mashine ya maji ya presha usielekeze kwenye beringi za magurudumu, sili za shokapu za mbele wala kwenye rejeta kwa karibu, mapezi yanalala. Ila tope lote kwenye rejeta litoke maana ndo linalochemsha injini, kama ni ya kupozwa na hewa basi mapezi ya silinda yasafishe vilevile. Cheni isugue kwa brashi na mafuta ya taa, petroli inaharibu zile ringi za mpira, kausha, paka oili, na pima ulegevu wake, tope linakaza cheni bila wewe kujua. Sponji ya eya klina fua, kausha kabisa, paka oili yake. Na pedi za breki ziangalie kila ukitoka matopeni, tope lenye mchanga linazila haraka mno, unaweza kutoka asubuhi na pedi nzuri ukarudi jioni chuma kinagusa chuma. Spoku zigonge moja moja na spana, ikilia tofauti na wenzake imelegea, kaza kabla ya safari inayofuata.