Malins wa vita vya 1916: alipiga kweli au aliigiza?

mpigaharusi_wete
Asalaam alaykum jamani. Mie napiga video za harusi hapa Wete. Jana barazani niliwaonesha kwenye simu filamu ya vita vya Somme, kule Ufaransa, Vita Kuu ya Kwanza, ya Muingereza Geoffrey Malins. Askari wanapanda kutoka handakini, mmoja anateleza chini, kafa. Mzee mmoja kaguna: "Hawa wanaigiza, yakhe." Tukabishana mpaka atakayeshindwa anunue kahawa na kashata. Nani mkweli?

babu_wa_senema
Wa alaykum salaam. Toa pesa, mwanangu. Miaka nimezungusha mapicha Mji Mkongwe, na kipande kile hakinipiti. Mgongoni hawana mizigo, na kamera imewekwa pahala ambapo mpigaji mwenyewe angekuwa wa mwanzo kufa. Wataalamu wanaamini kilipigwa nyuma huko, kwenye skuli ya jeshi.

Ila usimvue nguo zote. Mripuko wa Hawthorn Ridge, kilima cha Wajerumani karibu na Beaumont-Hamel kilichotegwa baruti chini yake na Waingereza, ni wa kweli. Julai 1, 1916, saa 1:20 asubuhi, dakika kumi kabla ya shambulio. Kamera ya kuzungusha kwa mkono, huna kusimamisha ukarudia! Alishaanza kuzungusha, mkanda unakwenda, kilima kimekaa kimya, na moyoni anasema utakwisha kabla hakijaruka. Kikaruka.

bint_forodhani
Na J. B. McDowell je? Filamu ile waliipiga wawili. Malins katoa kitabu chake 1920, mwenzake hata hamtaji ipasavyo. Hilo kwangu kubwa kuliko kuigiza. Lakini kabla ya vita Malins alikuwa mpiga picha za watu studio, kazi kama yako @mpigaharusi_wete. Filamu ilipotoka Agosti 1916, inakadiriwa tiketi milioni 20 ziliuzwa Uingereza ndani ya wiki sita. Watu wakienda kutafuta nyuso za watoto wao. Malins kafia Afrika Kusini, 1940.

mpigaharusi_wete
Haya, kahawa yangu. Lakini nami nikiri hapa, barazani sithubutu: mwezi uliopita betri ilikata bi harusi akiingia. Nikamwomba arudi mlangoni aingie tena. Mamake akalia upya, tena kwa sauti kuliko mara ya mwanzo.

babu_wa_senema
Hiyo ya pili ndiyo uliyoiweka kwenye video?

mpigaharusi_wete
Ndiyo niliyokuwa nayo, babu.