Kiwiko kinauma kwa kazi ya kushika: mkanda, sindano au mazoezi? Nina 150,000 tu

RandaKeko
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi, naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela.

Mkono wa kulia unanisumbua kiwikoni. Asubuhi nikishika kikombe cha chai panachoma mpaka nakirudisha mezani. Jana nimeshindwa kufungua mfuniko wa kopo la gundi, akanifungulia kijana wangu wa kazi.

Nimeuliza sehemu tatu na kila sehemu wana lao. Duka la dawa wana mkanda wa kufunga mkononi, 25,000. Zahanati moja wanasema nichomwe sindano hapohapo kiwikoni, 60,000, na kesho yake nitakuwa mzima. Jirani yangu anasema niende kwa watu wa mazoezi ya viungo, 20,000 kila nikienda, ila hajui nitaenda mara ngapi. Mfukoni nina 150,000 na kazi za watu zinanisubiri. Kati ya hizi tatu ipi bora?

FizioMoshi
Pole sana fundi. Kwa maelezo hayo mtu hawezi kukuchagulia kitu. Una miaka mingapi? Panauma upande wa nje wa kiwiko au wa ndani, ule unaogusana na mbavu? Yameanza lini? Vidole vinakufa ganzi? Shingo haikuumi? Una kisukari? Umesema wewe ni fundi, lakini hujasema mkono huo unaufanyisha nini kutwa nzima. Hilo ndilo nalotaka kulijua zaidi ya yote.

Mpemba_wa_Wete
Bwana, hayo yote matatu ya nini? Tafuta mafuta ya karafuu, changanya na mafuta ya nazi kidogo, uchuliwe usiku halafu ufungwe kitambaa. Babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi na mikono yake ilitibiwa hivyo mpaka uzeeni.

MamaChapati_Tandika
Kaka, kabla hujachoma sindano nisome mimi kwanza, tafadhali.

Napika chapati na maandazi mwaka wa kumi na tatu huu. Kila alfajiri nakanda unga kilo kumi, wakati mwingine kumi na mbili, kwa mikono. Mwaka juzi kiwiko kikaanza hivyohivyo unavyosema. Kwanza kukamua dekio, halafu kushika mpini wa sufuria, mwisho hata kumpa mtu mkono ikawa shida. Nikaenda mahali wakanichoma. Sikuulizwa kama nina kisukari, na mimi sikusema kwa sababu niliona mkono na sukari ni vitu viwili tofauti.

Siku ya tatu maumivu yakaisha kabisa. Nililia kwa furaha. Nikarudi kwenye unga kwa nguvu zote, nikapokea na oda ya harusi, chapati mia nne. Sukari yangu ambayo huwa naiweka kwenye 7 au 8, wiki ile ikapanda mpaka 16, nikawa naamka usiku mara tano kwenda msalani. Nilidhani nimekula vibaya.

Wiki ya saba maumivu yakarudi, na safari hii makali kuliko mwanzo. Nikarudi palepale wakanichoma ya pili, ikanisaidia wiki mbili tu. Halafu ngozi ikaanza kupauka pale walipochoma, doa jeupe ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na nyama ya chini ikabonyea kama umebonyeza unga kwa kidole. Mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, uliungua?" Mpaka leo navaa mikono mirefu nikienda kanisani. Doa limerudi rangi kidogo, shimo lipo.

Kilichonisaidia mwisho ni kijana mmoja wa mazoezi. Hakunigusa na dawa hata moja. Ilichukua miezi minne.

Kitasa
Mama pole sana. Ila tusimtishe jamaa, kuna watu wamechomwa na wako vizuri. Shemeji yangu alichomwa mara moja tu, mwaka wa tano huu hajalalamika.

MamaChapati_Tandika
Namshukuria Mungu shemeji yako. Mimi nasema yaliyonipata, na mkono ninao hapa.

RandaKeko
Asanteni. Nilisahau mengi. Nina miaka 43. Panauma upande wa nje, pale kwenye kifupa, na maumivu yanashuka mpaka karibu na pale ninapovaa saa. Yapata miezi miwili na nusu sasa. Ganzi hakuna, shingo nzima. Sukari sijawahi kupima.

Kazi ni useremala, niko Keko, Dar. Nina oda ya hosteli, milango 36 ya mninga, mbao ngumu. Kila mlango bawaba tatu, kila bawaba skurubu nane. Nafunga kwa bisibisi ya mkono kwa sababu drili ya karakana iliungua Januari. Sikuiandika hii mwanzoni kwa sababu sikuona inahusika.

Kitasa
Fundi mwenzangu! 36 mara 3 mara 8 ni skurubu 864. Kwa mkono! Kwenye mninga! Hapo hata mkono wa chuma ungeuma. Mimi nasema hiyo 150,000 isiende duka la dawa wala zahanati. Ongeza kidogo ununue drili ya betri. Kiwiko kitapoa chenyewe.

FizioMoshi
Sasa tunaongea. Maelezo yako yanafanana sana na kile kinachoitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Ni mafundi, wapishi, wakamuaji, wachinjaji, watu wa miaka 35 mpaka 55, mara nyingi kwenye mkono wanaoutumia zaidi.

Jipime hivi. Simama nyuma ya kiti chepesi, nyoosha kiwiko, kiganja kitazame chini, ukinyanyue kwa kukishika mgongoni. Kisha rudia kiganja kikitazama juu. Kama cha kwanza kinachoma na cha pili unakiweza, sehemu kubwa ya jibu unayo.

Kinachotokea ni hiki. Ukikaza ngumi kushika bisibisi, misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja, ile inayoinua kiganja kwenda nyuma, lazima ivute ili kifundo cha mkono kisijikunje. Misuli hiyo karibu yote imejishikiza kwa kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, kwenye kifupa kimoja kidogo cha nje ya kiwiko. Wewe unaona unakaza skurubu kwa vidole, kumbe mzigo unalipiwa pale juu. Ukirudia mara mia kwa siku bila kupumzika, nyuzi za kano zinachakaa haraka kuliko mwili unavyozijenga. Ndiyo maana dawa za kutuliza uvimbe hazigusi kiini, kwa sababu tatizo la muda mrefu kama lako si uvimbe sana, ni uchakavu.

Kuhusu sindano, ambayo kwa kawaida huwa ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, alichosimulia mama kinajulikana. Inatuliza vizuri wiki za mwanzo, hilo nalikubali. Lakini mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Australia wa watu 165 wenye tatizo hili, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliochomwa steroidi, 54 katika kila 100 walirudiwa na maumivu. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, 12 katika 100. Ngozi kupauka na nyama kubonyea nayo ni madhara yake, na kwenye ngozi yetu nyeusi yanaonekana zaidi. Mwenye kisukari sukari inapanda kwa siku kadhaa. Kwa hiyo shemeji wa Kitasa simkatalii, nasema tu ningekuwa mimi nisingeanzia hapo.

Wa_Kiambu
Pole sana fundi. Hata mimi hii shida nilikuwa nayo. Nakamua ng'ombe wanne asubuhi na jioni kwa mkono. Kile nataka kuuliza daktari ni hiki: hayo mazoezi yanachukua muda gani? Kwa sababu kila mtu huniambia pumzika, pumzika, na ng'ombe hawezi kungoja.

FizioMoshi
Mimi si daktari ndugu yangu, ni mtaalamu wa mazoezi tiba, nimesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa kawaida wiki 6 mpaka 12 ndipo mtu anaona tofauti ya maana. Wengi hupona ndani ya mwaka hata wasipofanya kitu chochote.

Wa_Kiambu
Mwaka! Mtu atalisha watoto na nini huo mwaka?

FizioMoshi
Sijasema ukae mwaka. Sijasema hata upumzike kabisa, maana kano likilazwa linazidi kuwa dhaifu. Punguza mzigo, usiufute. Kaa mezani, mkono ulale juu ya meza, kiganja kitazame chini na kining'inie nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Wiki ya kwanza inyanyue na kuishikilia tu bila kusogeza, sekunde 30 hadi 45, mara tano. Ukizoea, ipandishe kwa kusaidiwa na mkono wa pili, halafu uishushe polepole kwa mkono mgonjwa peke yake. Mara 15, pumzika, mizunguko mitatu, kila siku au siku baada ya siku. Maumivu kidogo yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yameongezeka. Chupa ikiwa nyepesi, nenda ya lita moja.

Haya ndiyo utakayofundishwa ukienda. Kwa 20,000 nenda mara mbili au tatu, usahihishwe namna unavyofanya, mengine umalizie nyumbani. Usimwachie mtu akufanyie masaji mara kumi ukamlipa 200,000.

Kriketi_Ngara
Sachin Tendulkar, yule mchezaji kriketi wa India, huu ugonjwa ulimpata 2004, akakosa mechi nyingi, na 2005 akafanyiwa upasuaji London. Gongo lake la kupigia mpira lilikuwa zito sana kuliko la wachezaji wengi. Kwa nini fundi asiulizie upasuaji amalize mara moja?

FizioMoshi
Upasuaji ni wa wachache, walioshindwa baada ya miezi 6 mpaka 12 ya tiba nyingine. Fundi ana miezi miwili na nusu na hajajaribu chochote.

RandaKeko
Nimefanya hicho kipimo cha kiti. Kiganja chini, kimenishinda, nimekiachia kikaanguka. Kiganja juu nimekinyanyua bila shida. Nimeshangaa sana.

Na mkanda je? Hakuna aliyeugusa.

Wa_Kiambu
Mkanda mimi ninao, nilivaa miezi mitatu. Husaidia ukiwa kazini, ukitoa maumivu iko palepale. Na mwanzo niliuvaa vibaya, juu ya mfupa wenyewe, mpaka vidole vikavimba.

FizioMoshi
Unavaliwa chini ya kifupa, kama vidole viwili hivi, juu ya nyama nene ya mkono. Uukaze wa kutosha kuhisi unabana ukikunja ngumi, lakini vidole visife ganzi. Vaa ukifanya kazi, vua ukilala. Unapunguza mvuto, hauponyi kano. Kwa 25,000 si mbaya.

Mpemba_wa_Wete
Na karafuu nazo umezipita kimya.

FizioMoshi
Mzee wangu, kuchua kunatuliza, sina ugomvi nako. Asichuliwe tu kwa nguvu pale kwenye kifupa chenyewe.

Wa_Kiambu
Kitu kingine, fundi. Mpini wa bisibisi wengi huwa mwembamba, unakaza ngumi sana ndio usiteleze. Chukua tyubu ya baiskeli, kata ukanda, uzungushie mpini mpaka unene. Mimi nilifanya hivyo kwa mpini wa panga la kukatia majani na nikasikia tofauti siku hiyohiyo.

Kitasa
Hiyo ya tyubu nakubaliana nayo asilimia zote. Na nyie mafundi wa siku hizi hamtoboi! Mninga unatoboa kwanza na keekee ndogo kuliko skurubu, halafu skurubu unaipaka sabuni ya mche. Inaingia kama kwenye ndizi.

Msasa_Iringa
Sabuni hapana! Sabuni inashika unyevu, baada ya mvua mbili skurubu ina kutu na mlango una doa jeusi. Tumia mshumaa. Pitisha nyuzi za skurubu kwenye nta mara mbili, basi.

Kitasa
Natumia sabuni miaka 19 na hakuna mteja aliyerudi.

Msasa_Iringa
Mimi nimeng'oa skurubu za namna hiyo kwenye milango ya watu. Zimekatika vichwa zikiwa bado ndani ya mbao. Kuzitoa hizo ndiko kunakoua kiwiko kweli. Kama ni za shaba, tangulia na ya chuma kufungua njia, uitoe, ndipo uweke ya shaba.

RandaKeko
Naomba turudi kwenye drili kidogo. Milango 14 nimeshafunga, imebaki 22, na mwenye hosteli kanipigia leo mara mbili. Kitasa, ya volti 12 inaweza mninga au lazima 20?

Kitasa
20 mkuu. Usinunue kitu cha kujutia.

Msasa_Iringa
Kwa kiwiko hicho? Ya volti 20 na betri yake inakaribia kilo mbili, na bawaba ya juu utaishikilia mkono ukiwa umenyooka. Chukua 12, nyepesi. Mshumaa utafanya kazi iliyobaki.

FizioMoshi
Uzito ni hoja ya kweli. Lingine, pete ya mbele yenye namba usiiweke mwisho. Skurubu ikifika kikomo drili inageuza kifundo cha mkono ghafla, na mshtuko wote unapanda kwenye kano lilelile. Anza na namba ndogo, upandishe taratibu. Mlango ulaze kwenye meza ufunge bawaba upande wake kabla ya kuusimamisha, na kiwiko kiwe karibu na mbavu. Huyo kijana wako naye mgawanye naye skurubu. Na ukapime sukari, hata kama huchomi sindano.

MamaChapati_Tandika
Hilo la sukari usilipuuze kaka.

RandaKeko
Sawa mama. Kesho napima.

Nimepiga hesabu. Mkanda 25,000, mazoezi mara mbili 40,000, inabaki 85,000, na drili haifiki hapo. Nikianza na drili, hakuna mkanda wala mazoezi. Kijana leo kafunga mlango mmoja, kazi yake safi ila polepole.

Kitasa
Nina ya volti 12 ya zamani, betri moja, bado inafanya kazi. Niko Buguruni. Njoo Jumamosi uijaribu kwenye mbao yako mwenyewe kabla hujaamua. Na skurubu zako uje nazo.

Msasa_Iringa
Aje na mshumaa pia.

Kitasa
Sabuni ninayo.