Istanbul Desemba na familia: nibebe kamera kubwa au simu inatosha?

Mama Lenzi

Wadau, salaam. Desemba hii tunakwenda Istanbul kifamilia: mimi, mume wangu, watoto wawili (mkubwa miaka kumi na mmoja, mdogo mitano) na mama mkwe, ambaye magoti yake hayataki ngazi na subira yake haitaki wapiga picha. Mimi si fundi, napenda tu. Kamera yangu ni Nikon D3500 yenye lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo (ya mambo ya karibu na ya kawaida), na nina 70-300 (ya kuvuta vya mbali) niliyoinunua mkononi kwa mtu. Simu yangu ni ya kawaida ila ina lenzi ya kupiga eneo pana.

Mume wangu anasema kamera niiache nyumbani. Maneno yake: "Ukiishika hiyo unakuwa mfanyakazi wetu." Nikafungua picha za safari iliyopita ili nimpinge. Watoto wamo, yeye yumo, hata begi la mama mkwe limo, tena limekaa vizuri. Mimi nimo kwenye picha moja: kivuli changu ukutani, viwiko vimepanuka kama mtu anayekunywa uji.

Kwa hiyo naomba msaada. Nibebe nini, niache nini? Misikitini na kwenye lile birika la chini ya ardhi kuna giza, nitafanyaje bila flashi? Na kubwa zaidi, nitaingiaje kwenye picha za familia yangu mwenyewe bila kila mara kuwa selfi ya nyuso tano zilizobanana? Watoto wanavumilia picha mbili. Mama mkwe anatoa moja, na kwa masharti.

Halafu tafadhali, asije mtu kuniambia niamke alfajiri nifuate mwanga mzuri. Nina mtoto wa miaka mitano.

---

Kivuli Kirefu

Dada, hilo la alfajiri jiografia imeshakumalizia. Istanbul iko nyuzi 41 kaskazini mwa ikweta. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na linazama kwenye saa kumi na moja na dakika arobaini hivi jioni. Tangu 2016 Uturuki hawarudishi saa nyuma wakati wa baridi, wako kwenye saa hizi hizi za Afrika Mashariki mwaka mzima, na ndiyo maana asubuhi yao inachelewa. Mtakunywa chai, mtatafuta soksi ya mtoto iliyopotea, mtagombana kidogo, na mkitoka nje jua ndiyo kwanza linapanda.

La pili ni tamu zaidi. Sisi tuliokulia chini ya jua la utosini tumezoea kwamba mchana si wakati wa picha, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Kule Desemba jua likifika juu kabisa, kama saa saba mchana, bado liko nyuzi 25 au 26 tu kutoka upeo wa macho. Kivuli cha mtu ni kirefu mara mbili ya mwenyewe. Mwanga unatoka ubavuni siku nzima! Yaani ratiba ya familia yako na ratiba ya mwanga ni moja, jambo ambalo Julai hulipati hata kwa maombi.

Jua likiwepo, lakini. Desemba ni mwezi wa mvua na mawingu. Wingu usilichukie, linafaa sana kwa nyuso, hakuna anayekunja macho. Ila anga jeupe lisilo na kitu liondoe kwenye fremu: shusha kamera, jaza ukuta, jaza watu, jaza barabara iliyolowa.

Sasa fika kwenye bustani ya Sultanahmet. Ayasofya, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, iko upande mmoja, Msikiti wa Sultan Ahmed (ule wanaouita Msikiti wa Buluu) upande wa pili. Majira hayo jua linazunguka kusini tu, kwa hiyo kuanzia adhuhuri hadi jioni linaipiga Ayasofya usoni, na kuta zake zenye wekundu zinazidi kuiva. Msikiti wa Sultan Ahmed wakati huo unakuwa na jua nyuma yake. Asubuhi mapema unapata mwanga wa pembeni, jioni unageuka umbo jeusi lenye minara sita mbele ya anga la rangi. Kaa kwenye benchi lile lile, mama mkwe apumzishe magoti, na ugeuze shingo tu.

Machweo mengine nenda Üsküdar, ufukwe wa Salacak, kwenye Kız Kulesi, mnara mdogo uliojengwa majini. Unaangalia magharibi kuvuka Bosphorus, mlango-bahari unaougawa mji, na Desemba jua linazama kusini-magharibi, upande wa minara ya mji mkongwe. Hapo ndipo hiyo 70-300 italipa nauli yake: vuta hadi 200 au 300, minara inasogea karibu na jua linakuwa kubwa. Na usiondoke jua likizama. Machweo yao si ya kukatika ghafla kama ya kwetu, una kama nusu saa ya buluu iliyokolea huku taa za mji zimeshawaka.

---

Bi Fremu

Mwanangu, mumeo kasema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba hajawahi kufundishwa kuishika.

Picha ya familia usiikabidhi kwa mtu ikiwa haijapangwa. Watu wanamsimamisha mpita njia, wanampa kamera, wanakimbia kujipanga, halafu wanalalamika kuwa msikiti haumo. Fanya kinyume. Wapange watu wako kwanza, acha pengo lako kati ya mumeo na mtoto mdogo. Zungusha kitufe cha juu kwenye A (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), weka tundu f/8 ili watu na msikiti vyote vionekane vikali, ISO, yaani wepesi wa kunasa mwanga, iwe otomatiki, lenzi kwenye 24 hivi. Piga wewe mwenyewe moja. Ndipo mwite mtu, mwonyeshe ile uliyopiga, na ishara ya kidole: simama hapa, iwe hivi. Lugha haihitajiki. Chagua mwenye kamera shingoni, huyo ataogopa kukuharibia kwa sababu naye anakuja kukuomba umpige. Na fremu iwe pana kuliko unavyotaka, pembeni utakata ukirudi.

Asipopatikana mtu, D3500 yako ina kipima muda cha hadi sekunde 20, na unaweza kuiamuru ipige picha mfululizo, mpaka tisa. Tafuta ukuta mpana, kunja mtandio uweke chini ya kamera ili ikae sawa, mkanda uuzungushie kitu. Ya kwanza wote mtakuwa mmekakamaa. Ya nne mtoto kashachoka kusimama, mumeo anacheka, na hiyo ndiyo picha.

Lakini mpigaji wako mkuu ni huyo wa miaka kumi na mmoja. Mpe kamera nusu siku nzima, siyo dakika mbili za kumnyamazisha. Weka kwenye otomatiki, flashi imezimwa, mkanda shingoni, na usimsahihishe. Atakukata kichwa mara kadhaa. Atakupiga ukiwa unatafuna. Lakini mtoto anampiga mama yake kutoka chini kwenda juu, kwa kimo chake, na hakuna mtu mzima anayeweza kuiga hilo.

Hao wengine usiwaambie wacheke, wape kazi. Pandeni kivuko cha kawaida cha abiria kutoka Eminönü kwenda Kadıköy au Üsküdar, si lazima meli ya watalii. Shakwe wanafuata kivuko na watu wanawarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Mpe mdogo kipande chake, simama ubavuni mwake, kasi ya shata iwe sekunde 1/1000 au fupi zaidi ili mwendo ugande, shikilia kitufe. Hatakumbuka kuwa upo.

Mama mkwe mketishe ndani ya hicho kivuko, karibu na dirisha, gilasi ya chai mkononi. Mwanga wa dirisha unamjia pembeni. Mwulize habari za ujana wake. Usimwambie "mama, angalia huku". Atakapofika kwenye sehemu anayoipenda ya hadithi, bonyeza.

---

Simu Tu

Napingana na wakubwa kwa heshima. Acha kamera. Kuba la Ayasofya liko kama mita 55 kutoka sakafuni. Hiyo 18 yako itachukua kipande tu, wakati lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, inachukua kuba, madirisha yake arobaini na watoto wako chini. Ila watoto wakae katikati, wa pembeni wanarefuka vichwa.

Halafu jua kwamba tangu Januari 2024 watalii wa nje wanaingia roshani ya juu kwa tiketi, sakafu ya chini ni ya wanaoswali. Kufika juu ni kupanda, kwa hiyo mpime mama mapema. Ukarabati wa kuba nao ulianza 2025, usishangae kukuta vyuma ndani.

---

Kivuli Kirefu

@Simu Tu kwa ndani ya majengo nakubali, simu ishike zamu. Lakini shakwe anayeruka na mtoto anayekimbia huwavuti karibu kwa simu ya kawaida, unakuza vitone vya picha tu. Kila kifaa na kazi yake.

---

Mama Lenzi

Asanteni sana, shikamoo Bi Fremu. Kwa hiyo simu kwa ndani, kamera kwa nje na kivukoni. Nimempa mkubwa habari ya nusu siku, sasa anatembea nyumba nzima akiniambia "usiangalie kamera".

Mawili yamebaki. Mvua na baridi havitaua kamera? Na kuna mahali nitajikuta nagombezwa?

---

Fundi Betri

Baridi yenyewe si tatizo kubwa, Istanbul Desemba mara nyingi ni kati ya nyuzi 5 na 12 za joto. Betri itaisha mapema kuliko ulivyozoea, basi ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Tatizo ni kutoka baridini kuingia ukumbi wenye joto: unyevu unatanda kama ukungu kwenye kioo cha lenzi, na ukifuta unarudi. Kabla ya kuingia, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, funga mdomo, iache ipate joto taratibu. Unyevu utakaa nje ya mfuko. Kwa mvua, mfuko huo huo utoboe upande mmoja lenzi itokeze.

Betri za akiba na pawabenki zote ziwe kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, kamwe si kwenye sanduku la chini. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (kipimo cha nishati ya betri), iko chini ya kikomo cha Wh 100 kinachoruhusiwa bila kuomba ruhusa.

Birika la Yerebatan lina nguzo 336 na taa hafifu zinazobadilika rangi. Stendi ya kamera usijisumbue nayo. Egemeza kamera juu ya ukingo wa njia, viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, piga tatu nne mfululizo hata kwa kasi ya sekunde 1/15, moja itakuwa imetulia. Nguzo zitatulia, watoto hawatatulia, kwa hiyo pale piga maji na nguzo, watoto wapige sehemu yenye taa. Ngazi za kushuka zipo, mwambie mama.

Kugombezwa: misikitini hakuna flashi, hakuna kumlenga anayeswali, na nyakati za swala wageni wanasubiri nje, Ijumaa mchana usipange kabisa. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, na ndani yake vyumba vya masalia matakatifu na hazina ni marufuku kupiga picha, askari wanaona hata simu iliyofichwa kwenye kiganja. Soko Kuu limefungwa Jumapili. Wavuvi juu ya Daraja la Galata hawana neno, lakini mmoja ukimtaka uso, inua kamera kidogo na mwulize kwa macho. Akitikisa kichwa, nenda kwa mwingine, wamejipanga daraja zima.

Mwisho, kabla ya safari linganisha saa ya kamera na ya simu, hadi dakika. Majira hubadilishi, lakini kamera hizi hupoteza dakika zikikaa kabatini, na ukizichanganya picha za simu na za kamera zitapangika ovyo: mtoto kavaa koti, kavua, kavaa tena.

---

Mama Lenzi

Nimelinganisha. Kamera ilikuwa nyuma dakika kumi na saba.

Mume kasoma uzi wote huu usiku. Kasema 70-300 ataibeba yeye, kwa sharti kwamba machweo ya Salacak apige yeye. Nimekubali. Sasa nani ana mbinu ya kumzuia mtu mzima asiweke kidole mbele ya lenzi?