Ukoo wa Chumbageni: taa za baraza la Bibi

Da Mkubwa: Asalam aleikum wana ukoo. Idi hiyo imefika na baraza la Bibi liko vilevile. Nimepita Kariakoo nimeziona zile taa za mkanda zinazobadilisha rangi, roli moja mita 5, baraza lote mita 15 kwa hiyo roli 3. Michango leo jamani, msisubiri niwapigie mmoja mmoja

Da Mkubwa: Tiki za bluu naziona

Shemeji Korogwe: 👍🏽

Kaka Mbagala: Zilezile za saluni? Bibi atakuwa anasuka watu Idi pili 😂😂

Shangazi Tabata: 😂😂 niwekeeni nafasi, mi nataka twende kilioni

Da Mkubwa: Chekeni tu lakini wajukuu wote wanakuja na usiku tunakula nje. Fundi uko wapi sema kitu

Fundi: Nipo da, nilikuwa kwenye jipsam ya mtu. Usichukue kile kiboksi chenye adapta ya amp 2 halafu ukaunga roli zote tatu mkia kwa kichwa. Roli yenye taa 60 kwa mita inakula kama wati 72 ukiwasha nyeupe, adapta ya volti 12 amp 2 inatoa wati 24 tu, itachemka hiyo. Na hata upate adapta kubwa, ukiziunga mfululizo umeme unafika mwisho umechoka, nyeupe inakuwa nyekundu nyekundu. Kila roli ipelekewe waya wake. Na chukua zile zilizofunikwa plastiki laini, masika haya, adapta ikae ndani

Da Mkubwa: Zikizidi urefu?

Fundi: Unakata penye alama ya mkasi, kila baada ya taa tatu. Ukikata pengine kile kipande chote hakiwaki

Kaka Mbagala: Kama mabati ya Pangani yalivyokatwa 😂

Shangazi Tabata: Umeyataja wewe. Hela ya mabati mpaka leo sijaona risiti, na LUKU ya kwa Bibi naweka mimi kila mwezi hakuna anayeuliza, sasa mnaongeza mataa

Kaka Mbagala: Shangazi nilikuwa natania

Shangazi Tabata: Mimi sitanii

Fundi: Shangazi roli zote 3 nyeupe, mwanga wa mwisho, kwa masaa 5 ni kama uniti moja. Ukiweka rangi moja tu kama bluu inashuka sana

Da Mkubwa: Basi LUKU ya wiki ya Idi naweka mimi. Turudi kwenye michango

Da Mkubwa: Jamani

Simu ya Bibi: Ni mie mjukuu naandika, Bibi anasema niandike hivihivi. Wanangu nimesomewa yote. Mabati yaishe, sitaki kuyasikia tena nikiwa hai. Taa za rangi wekeni watoto wafurahi, ila zile za kupepesa zisielekee dirishani kwangu, macho yananiuma. Na kijia cha chooni uwani kina giza tangu Rajabu, napita nashika ukuta.

Shangazi Tabata: Shikamoo mama. Yameisha.

Kaka Mbagala: Shikamoo Bibi. Mbona hatukuambiwa?

Da Mkubwa: Bibi utusamehe. Fundi uwani kwanza, tena taa nyeupe ya kawaida inayowaka moja kwa moja, sio ya rangi

Fundi: Ijumaa asubuhi niko hapo. Naomba mtu aniambie kama waya wa uwani ni mzima au umeliwa na panya, nijue nibebe mita ngapi

Da Mkubwa: Mjukuu kaangalie. Natoa ya roli moja, Shemeji moja, bado ya tatu na adapta zake. Kaka Mbagala?

Shemeji Korogwe: Mimi nilisema 👍🏽 ya salamu

Kaka Mbagala: Nitakujibu jioni da

Binamu Muscat: Nimeona sasa hivi nilikuwa kazini. Kwani Idi tunafanyia Tanga au Dar?

Da Mkubwa: Nipigie.