Nyasi za pemba zina manjano na ndago imetanda: nifanye nini kabla ya masika?

MbeziJuu
Habari wakuu. Nina uwanja wa kama mita za mraba 200 hapa Dar, udongo kichanga, nyasi za pemba zile za jani pana. Maji ya kumwagilia ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Hali ya sasa, mwisho wa Februari: majani machanga yana manjano lakini mishipa imebaki kijani. Kando ya ukuta kuna vipara. Upande wa geti, pale ulipomwagwa udongo mweusi wa lori, ndago imetanda. Nyasi zinafyekwa kila baada ya wiki 2 na kubaki kama sm 3. Duka la pembejeo wanashauri mbolea ya DAP kilo 10 niimwage sasa ili mvua iikute chini. Ni sahihi? Na ndago niilime kwa jembe au nipige dawa?

Shamba_na_Ua
DAP iache kwanza, mkuu. Umeeleza vizuri sana hayo manjano, na maelezo yako yenyewe yana jibu. Nyasi ikikosa naitrojeni, majani ya zamani, yale ya chini, ndiyo hutangulia kuwa manjano, na jani hugeuka lote. Manjano yakianzia kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma. Maji mengi ya visima vya pwani yana chokaa, na ukimwagilia hayo miezi yote ya jua, udongo unapoteza uchachu. Chuma kinakuwepo lakini mizizi haiwezi kukinyonya. DAP ina fosforasi nyingi, asilimia 46 kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na fosforasi ikizidi hukifunga chuma hicho zaidi. Inafaa unapopanda upya, si kwenye nyasi iliyokwisha kushika.

Dawa yake ni feri salfeti, yaani chumvi ya chuma. Changanya gramu 60 kwenye bomba la mgongoni la lita 15, upulizie mita za mraba 100. Kwa uwanja wako ni mabomba 2. Piga jioni, jani likiwa kavu, na usimwagilie mpaka kesho yake. Ndani ya siku chache rangi inarudi. Angalia sana pevingi, vigae na kuta: tone likikauka hapo linaacha doa la kutu ambalo halitoki kwa sabuni. Lowesha pevingi kwa maji safi kabla ya kuanza, kisha suuza mara moja ukimaliza. Feri haidumu, kwa hiyo rudia baada ya wiki 4 kama manjano yamerudi.

Jambo la pili ni urefu. Sm 3 ni kuinyoa pemba. Nyasi hii hutambaa juu ya ardhi, majani yake yako juu na chini kuna vijiti vitupu. Ukikata chini hivyo unaondoa jani lote, jua linapiga vijiti, na magugu yanapata mwanga. Iache sm 6 mpaka 7, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja: ikifika sm 9, rudisha 6. Mvua ikichanganya hiyo ina maana ya kukata kila wiki. Fyekeo butu linachana ncha, zinakauka kahawia, na mtu anadhani ni ugonjwa. Ukipata mashine ya kusukuma ni bora, maana gurudumu linashika urefu uleule uwanja mzima.

Ndago_Hapana
Nijibu la ndago. Kwanza hakikisha ndiyo: zungusha shina kati ya vidole, la ndago lina pembe tatu, la nyasi ni duara au bapa.

Jembe usiguse. Chini kuna vijiazi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, vingi viko ndani ya sm 20 za juu. Kijiazi cha mbele kinawazuia wenzake wasichipue. Jembe likikata uzi huo, kila kimoja kinaamka, na palipokuwa na shina 1 unapata 5. Ndiyo maana watu wanalima ndago kila mwaka na kila mwaka inaongezeka.

Dawa ya glaifosati itaua na nyasi yako. 2,4-D ni ya magugu ya jani pana, haiimalizi ndago, na jamii ya pemba huumizwa nayo. Ulizia yenye halosulfuroni. Ile ya asilimia 75 hutumika kidogo mno, gramu 1 mpaka 2 kwa mita zako 200, kwa hiyo pima kwa mzani mdogo, si kwa kijiko, na lebo ndiyo ya mwisho. Ongeza kigandishio ili dawa ishike kwenye jani lenye nta. Usikate nyasi siku 2 kabla wala siku 2 baada, na mvua isinyeshe kwa saa 4. Ndago lazima iwe inakua, yenye majani 3 mpaka 5. Ikiwa imesinyaa kwa kiu dawa haishuki kwenye vijiazi. Wiki ya pili inakuwa manjano, ya nne inakufa. Zitakazochipua baadaye piga tena baada ya wiki 6 mpaka 10.

Eneo likiwa dogo, ng'oa kwa mkono kila wiki bila kuruka. Kijiazi kinatumia akiba yake kutoa jani, na usipoliachia jani nafasi ya kurudisha chakula, kinaisha. Na huo udongo wa lori usiongeze tena. Ndago ilikuja nao.

Shamba_na_Ua
Naongezea: mbolea ya naitrojeni imwage mvua ya kwanza inapoanza.

KijaniPwani
Hapo kwa heshima napingana nawe. Mvua za kwanza za Machi huja siku 2 kisha jua kali wiki nzima, na CAN (mbolea ya naitrojeni) iliyoyeyuka nusu juu ya kichanga kikavu inaunguza. Halafu Aprili mvua inapomwaga kweli, iliyobaki inazama chini ya mizizi. Subiri mvua itulie, udongo uwe na unyevu mpaka kidole kizima, ndipo uanze. CAN gramu 10 kwa mita ya mraba, yaani kilo 2 kwa uwanja wako, rudia baada ya wiki 3. Changanya na ndoo 2 za mchanga mkavu, nusu urushe kwa urefu wa uwanja na nusu kwa upana, usipate mistari. Majani yawe makavu, kisha mwagilia.

Mpaka hapo, maji mara 2 kwa wiki, mengi. Kumwagia kidogo kila jioni kunaacha chumvi juu, palepale mizizi ilipo. Kila mara iwe kama milimita 12, ambazo kwa mita zako za mraba 200 ni lita 2,400. Tega makopo matupu 4 uone kila upande unapata kiasi gani.

Kwenye vipara vya ukutani panda nyasi masika yakikolea. Chomoa vijiti vyenye vifundo 3, fukia 2, acha 1 juu, nafasi ya sm 15 kila upande. Hiyo ni kama vijiti 44 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo ile DAP ina kazi, kiganja kimoja kwa mita ya mraba, ichanganye na udongo kabla ya kupanda. Ila chimbua kwanza: ukutani mara nyingi kuna mabaki ya saruji na kokoto, na nyasi haishiki juu yake.

MbeziJuu
Nimechimbua. Sm 10 chini ni zege lililomwagika wakati wa ujenzi.

KijaniPwani
Basi litoe lote, jaza kichanga kilichochanganywa na samadi iliyooza, sehemu 3 kwa 1, shindilia kwa maji usiku 2, kisha panda.